Je, Wajua? Kambi, Mshahara na Pantoni: Maisha ya Askari kutoka Pweto hadi Kinshasa

Pweto ni mji mdogo wa Haut-Katanga, pale Ziwa Mweru linapomwaga maji yake kwenye mto Luvua, jirani kabisa na mpaka wa Zambia. Wakazi wa Lubumbashi wanaujua kwa samaki. Wanaofuatilia historia ya vita wanaujua kwa tarehe moja: 3 Desemba 2000, siku mji huo ulipoanguka. Hapa tumekusanya mambo ambayo huenda huyajui kuhusu askari waliokuwa pale, na kuhusu maisha ya kambini katika vita vya Kongo kwa jumla. Mengi hayahusu risasi. Yanahusu chakula, mshahara, wake, watoto, magonjwa na njia ya kutorokea, kwa sababu huko ndiko majeshi mengi yaliposhindwa kabla adui hajafika.

Pweto ilianguka wakati mkataba wa amani ulikuwa umeshatiwa saini

Mkataba wa kusimamisha vita ulitiwa saini Lusaka tarehe 10 Julai 1999. Zaidi ya mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2000, majeshi ya Rais Laurent-Désiré Kabila yalitoka Pweto yakapanda kaskazini hadi Pepa, kwenye nyanda za juu zenye baridi kali usiku. Waliwapokonya mji huo wanajeshi wa Rwanda na waasi wa RCD. Furaha haikudumu. Rwanda na RCD walijibu kwa nguvu, wakairudisha Pepa mikononi mwao, kisha wakawafukuza askari wa Kabila njia yote hadi ziwani.

Upande mmoja wa vita ulikuwa na askari wa nchi nne

Kambi ya serikali pale Pweto haikuwa ya Wakongomani peke yao. Walikuwapo wanajeshi wa Zimbabwe, waliokuwa wameingia Kongo tangu Agosti 1998. Walikuwapo wapiganaji wa Kihutu wa Burundi, FDD. Walikuwapo pia Wanyarwanda wa jeshi la zamani lililoshindwa Kigali mwaka 1994. Kila kundi lilikuwa na makamanda wake, chakula chake na sababu yake ya kupigana. Mzimbabwe alikuwa na serikali iliyomtuma na nyumba ya kurudi. Mnyarwanda wa jeshi la zamani hakuwa na pa kurudi. Kuwaweka hao wote katika safu moja ya ulinzi ni kazi ambayo ingemtoa jasho hata jenerali hodari.

Pantoni moja iliamua hatima ya safu nzima ya magari

Wakati ule, pale Pweto magari yalivushwa mto Luvua kwa pantoni. Majeshi yaliporudi nyuma kwa kasi, kila dereva alitaka kuvuka kwanza. Kifaru kikapakiwa juu ya pantoni, uzito ukazidi, chombo kikazama na kifaru chake. Makumi ya magari yakabaki ukingoni hayana pa kwenda, yakachomwa moto ili yasimfae adui. Askari waliojua kuogelea waliogelea, na wengine wakatafuta mtumbwi. Jeshi lililokuwa na vifaru likageuka la waenda kwa miguu kwa siku moja.

Aliyekuwa mkuu wa jeshi la nchi kavu wakati wa Pweto alikuwa rais baada ya wiki chache

Mkuu wa jeshi la nchi kavu la Kongo wakati huo alikuwa Joseph Kabila, mtoto wa rais. Pweto ilianguka tarehe 3 Desemba 2000. Siku 44 baadaye, tarehe 16 Januari 2001, baba yake alipigwa risasi Kinshasa na mmoja wa walinzi wake. Tarehe 26 Januari Joseph akaapishwa. Mwishoni mwa Februari 2001 Rwanda ikaanza kuondoa majeshi yake Pweto mbele ya waangalizi wa Umoja wa Mataifa. Kwa hiyo mji ambao mkuu huyo wa jeshi aliupoteza ulirudi chini ya serikali yake akiwa rais, na safari hiyo ulirudi kwa mazungumzo.

Kigogo wa kadogo aliuawa eneo la Pweto

Anselme Masasu Nindaga alikuwa mmoja wa waasisi wanne wa AFDL, muungano uliompindua Rais Mobutu. Wanajeshi watoto, wale kadogo, wengi wao kutoka Kivu, walimwona kama baba yao. Mwishoni mwa mwaka 2000 alikamatwa kwa tuhuma za kula njama, akapelekwa Katanga, na mwezi Novemba akauawa eneo la Pweto, siku chache kabla mji haujaanguka. Baadhi ya wachambuzi wanaona hasira ya kadogo kwa kifo chake kuwa moja ya sababu za kuuawa kwa rais. Wengine wana maelezo tofauti. Kesi ya mauaji hayo ilikuwa na washtakiwa zaidi ya 100, hukumu zikatolewa Januari 2003, na hadi leo Wakongomani hawajakubaliana ni nani hasa aliyepanga.

Jeshi lililoingia Kinshasa lilivaa buti za mpira

Tarehe 17 Mei 1997 askari wa AFDL waliingia Kinshasa. Wakazi waliona jambo ambalo hawakulizoea: vijana wembamba, wengine watoto kabisa, waliotembea kutoka mashariki wakiwa na buti za mpira kama za wakulima wa mpunga, wakizungumza Kiswahili katika mji wa Kilingala. Lubumbashi walikuwa wameshaichukua tangu tarehe 9 Aprili. Vijana hao waliahidiwa dola 100 kwa mwezi, fedha ambayo mwalimu wa shule wakati huo hakuiota. Malipo yalianza, yakachelewa, yakakatika. Ahadi hiyo ilibaki deni midomoni mwa kadogo kwa miaka.

Kambi ya mafunzo iliua kabla ya vita

Mwaka huo huo wa 1997, vijana wengi wa Mai-Mai, wapiganaji wa kienyeji, walipelekwa kambi ya Kapalata, karibu na Kisangani, wafundishwe kuwa wanajeshi wa serikali mpya. Chakula kilikuwa haba, maji machafu, vyoo havitoshi. Kipindupindu na njaa viliwaua wengi kabla hawajapewa hata bunduki. Waliosalimika na kutoroka walirudi vijijini na habari hiyo, na baadhi yao wakawa maadui wa serikali iliyowaita.

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, ugonjwa ni jenerali mkubwa kuliko wote

Haya si ya Kongo tu. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, takriban theluthi mbili ya wanajeshi waliokufa waliuawa na magonjwa: kuhara, homa ya matumbo, nimonia, surua. Vijana wa mashambani ambao hawakuwahi kuugua surua walikusanywa kwa maelfu katika kambi moja, ugonjwa mmoja ukatosha. Nchini Kongo, utafiti wa shirika la IRC uliotolewa mwaka 2008 ulikadiria vifo milioni 5.4 tangu 1998, na wengi mno waliokufa hawakuguswa na risasi; waliuawa na malaria, kuhara na utapiamlo. Wataalamu wengine wamebishia hesabu hiyo wakisema ni kubwa mno. Hata hivyo, ugonjwa na njaa viliua wengi kuliko bunduki.

Kambi ya Kongo ni kijiji chenye bendera

Mgeni akisikia "kambi ya jeshi" huwaza mabweni ya wanaume. Kongo si hivyo. Tangu enzi za Force Publique, jeshi lililoundwa na Mfalme Leopold mwaka 1886, askari aliruhusiwa kuishi na mke kambini, na wanawake walifuata majeshi safarini wakibeba mizigo na kupika. Desturi hiyo haikufa. Hadi leo, jeshi likihamia mstari wa mbele, nyuma yake huja wake, watoto, kuku na masufuria. Penye kambi isiyo na nyumba huota vibanda vya nyasi na maturubai. Mke wa askari huuza unga, mafuta, chumvi na maandazi. Mshahara ukichelewa, ni biashara yake inayolisha nyumba. Na safu ikivunjika, kama ilivyovunjika Pweto, hakimbii askari peke yake. Anakimbia na familia nzima, mtoto mgongoni.

Mlo wa askari hutegemea aliye karibu naye

Chakula cha jeshi kwa karatasi ni unga, maharage, mafuta na chumvi. Kwa vitendo, askari wa Katanga hula kile ambacho raia wa jirani anacho: bukari ya mahindi au muhogo, sombe, na pale Mweru, samaki. Kambi ikipata mgao wake, mvuvi huuza samaki kwa bei. Kambi isipopata, mvuvi hupoteza samaki na nyavu zake. Waswahili walisema mwenye njaa hana miiko, na raia wa vita vingi wangeweza kuthibitisha.

Serikali zimejua tatizo hili zamani. Nicolas Appert, Mfaransa aliyegundua namna ya kuhifadhi chakula kwa kukifungia ndani ya vyombo na kukichemsha, alilipwa na serikali ya Ufaransa faranga 12,000 mwaka 1810, wakati Napoleon alikuwa na majeshi ya kulisha kote Ulaya. Kopo la dagaa unalolinunua dukani Lubumbashi lina asili katika mahitaji ya kulisha wanajeshi.

Noti moja ilisababisha maafa Kinshasa

Tarehe 23 Septemba 1991 askari wa miavuli wa uwanja wa ndege wa Ndjili, waliochoka kungoja mshahara, waliingia mjini Kinshasa wakapora maduka na maghala. Uporaji ukaenea miji mingine. Januari 1993 Mobutu akawalipa wanajeshi kwa noti mpya ya zaire milioni 5. Wafanyabiashara wakaikataa, kwa sababu waliona ni karatasi tu. Askari aliyepewa mshahara asioweza kununulia hata mkate akashika bunduki tena. Katika ghasia hizo balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, aliuawa kwa risasi tarehe 28 Januari. Miaka minne baadaye jeshi hilohilo lilipotakiwa kuilinda Zaire dhidi ya AFDL, mji baada ya mji ulianguka karibu bila vita.

Uasi mkubwa wa kwanza baada ya uhuru ulianzia ubaoni

Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Force Publique ilikuwa na askari wapatao 25,000, na hapakuwa na ofisa hata mmoja Mwafrika. Tarehe 5 Julai kamanda wake Mbelgiji, Jenerali Émile Janssens, aliwakusanya askari akaandika ubaoni kwamba kabla ya uhuru ni sawa na baada ya uhuru. Siku hiyohiyo kambi ya Thysville ikaasi, na moto ukasambaa hadi Katanga. Waziri Mkuu Patrice Lumumba akampandisha kila askari cheo kimoja, akamfukuza Janssens, na ukamanda akampa Victor Lundula, sajini wa zamani aliyekuwa meya wa Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Tarehe 11 Julai, siku sita tu baada ya maneno ya ubaoni, Moïse Tshombe alitangaza Katanga imejitenga.

Jeshi limebadilisha jina mara nne

Force Publique ikawa ANC mwaka 1960, FAZ mwaka 1971, FAC mwaka 1997, na FARDC mwaka 2003. Askari aliyeanza kazi kijana chini ya Mobutu na kustaafu chini ya Joseph Kabila huenda amevaa nembo tatu bila kuhama kambi. Jina lilibadilika, paa la kibanda chake lilibaki la turubai.

Zaidi ya nusu ya askari walikuwa hewa

Vita vilipokwisha rasmi na serikali ya mpito kuanza mwaka 2003, makundi yote yalileta orodha za wapiganaji wao. Jumla ilikuwa kama 340,000. Walipohesabiwa ana kwa ana miaka iliyofuata, idadi ilishuka chini ya nusu. Wengine walikuwa wamekufa, wengine walitoroka zamani, wengine hawakuwahi kuzaliwa. Mishahara yao ilikuwa ikiingia mfukoni mwa makamanda.

Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulituma ujumbe wa EUSEC kusaidia kurekebisha hali hiyo. Dawa yao ilikuwa rahisi kueleza na ngumu kutekeleza: ofisa anayeamuru askari asishike fedha za mshahara wao. Askari walisajiliwa, wakapewa vitambulisho, na baadaye wengi wakaanza kulipwa kupitia benki. Ofisa aliyezoea kurudi kutoka Kinshasa na masanduku ya noti hakuipenda habari hiyo.

Maji ya vita yana historia ndefu kuliko Kongo huru

Baada ya 2003, amani haikufika kwenye eneo ambalo wenyeji waliliita pembetatu ya kifo: Manono, Mitwaba na Pweto. Huko Mai-Mai wa Gédéon Kyungu Mutanga walichoma vijiji na kuua raia. Kambi ya Mai-Mai ina sheria zake: mpiganaji aliyenyunyiziwa maji ya dawa hatakiwi kuiba, hatakiwi kugusa mwanamke, na kuna vyakula asivyokula. Akiuawa, mganga husema alivunja mwiko. Imani ya namna hiyo ilikuwapo kwa waasi wa Simba wa 1964, na kabla yao katika vita vya Maji Maji vya Tanganyika, 1905 hadi 1907, chini ya ushawishi wa Kinjeketile Ngwale.

Gédéon alijisalimisha kwa Umoja wa Mataifa mwaka 2006, akahukumiwa kifo mwaka 2009, akatoroka gereza la Kasapa, Lubumbashi, mwaka 2011 pamoja na wafungwa karibu 1,000, akajisalimisha tena 2016.

Che Guevara alikuwa askari wa Kongo kwa jina la Tatu

Tarehe 24 Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma akaingia milima ya Fizi kuwasaidia waasi, ambao Laurent-Désiré Kabila alikuwa mmoja wa viongozi wao. Wakuba aliokuwa nao walijipa majina ya namba za Kiswahili. Yeye akawa Tatu. Maisha ya kambini yalimchosha kuliko adui: malaria, kuhara, kungoja viongozi wasiofika, wapiganaji waliokataa kuchimba mahandaki. Kabila alifika mstari wa mbele mwezi Julai, akakaa siku chache tu, akaondoka. Mwezi Novemba Wakuba nao wakavuka ziwa kurudi Kigoma.

Askari akivuka mpaka na bunduki, sheria humgeuza mtu mwingine

Pweto ilipoanguka, makumi ya maelfu ya raia na maelfu ya wanajeshi, Wazimbabwe wakiwemo, waliingia Zambia. Mkataba wa The Hague wa mwaka 1907 unasema nchi isiyopigana ikipokea majeshi ya wapiganaji, iwazuie na kuwaweka mbali na uwanja wa vita. Zambia iliwanyang'anya silaha. Wazimbabwe walirudi kwao. Raia walipelekwa kambi za Kala na Mwange, na wapiganaji wa zamani waliotaka hifadhi wakatengewa makazi ya Ukwimi, mashariki ya Zambia, mbali na mpaka. Sababu ni kwamba kambi ya wakimbizi inatakiwa iwe ya raia. Ikikaliwa na wapiganaji, inakuwa shabaha. Wengi wa Kala na Mwange walirudishwa Kongo kati ya 2007 na 2010. Miaka michache baadaye vita vya mikoa ya Tanganyika na Haut-Katanga viliwarudisha watu tena Zambia, na mwaka 2018 makazi mapya ya Mantapala yakafunguliwa wilayani Nchelenge.

Bunduki Katanga ilibadilishwa kwa baiskeli

Mchungaji Daniel Ngoy Mulunda, ambaye baadaye aliongoza tume ya uchaguzi mwaka 2011, aliendesha mpango wa PAREC uliowapa wapiganaji wa Katanga baiskeli kwa kusalimisha silaha. Anayejua barabara za Pweto na Mitwaba hatashangaa. Huko baiskeli hubeba mkaa, mahindi, samaki, mgonjwa na bibi harusi. Kwa kijana asiye na kazi, baiskeli ni mtaji.

Kuacha jeshi kulikuwa na bei: dola 410

Mpango rasmi wa serikali ulimpa anayeachishwa dola 110 siku ya kuondoka, kisha dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Jumla ni dola 410. Waliobaki jeshini walipelekwa vituo vya kuchanganywa, kikiwemo cha Kamina, ambako mtu aliyekuwa RCD alilala jirani na aliyempiga risasi juzi. Fedha za waliotoka zilipokwisha, wengi hawakuwa na ufundi wowote ila ule wa bunduki, na makundi ya msituni yalikuwa bado yanaandikisha watu.

Kadogo aliyekuwa na miaka 12 mwaka 1996 amevuka 40 sasa. Yumo miongoni mwetu: anaendesha pikipiki, analinda geti, anavua Mweru, anachimba shaba. Ndugu msomaji, ukimfahamu mmoja, usimwulize aliua wangapi. Mwulize anajua kazi gani, na kama una karakana, shamba au mtumbwi unaohitaji mkono wa pili, mpe nafasi.